Mawe Saba ya Njia ya Kanisani

Hania, 3 Septemba 1994

Kaka Sifis,

Salamu kutoka mjini. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila miguu imechubuliwa na miiba.

Jana nilipanda mlima peke yangu kutoka pwani, njia ileile niliyoshika siku ya arobaini ya mama. Miaka tisa mnasema sikufika kanisani kwa sababu nilikaa pwani nakunywa kahawa. Nilifuata mafungu ya mawe yanayoonyesha njia, kama babu alivyotufundisha, jua kali, nikatokea kwenye kisima kikavu. Nikarudi chini, nikaanza upya. Kisima kilekile. Siku ile pia nilifika hapo, nikaketi nikala peke yangu ngano niliyokuwa nimeichemsha kwa kumbukumbu ya mama, nalia. Sielewi, kaka. Nimechanganyikiwa, au moyo wangu haukutaka kufika?

Mdogo wako,
Argyro

Kijijini, 15 Septemba

Mdogo wangu,

Barua nimeipata. Sisi wazima, mbuzi wazima, goti ni lilelile.

Nimecheka. Ukifika kwenye tanuri la chokaa mawe yanakupeleka kulia, hata mbuzi kipofu angefika. Usinitungie visa. Mama alikuita mpaka mwisho, na arobaini yake hukuja. Ninalolijua ni hilo.

Kaka yako

Hania, 22 Septemba

Kaka,

Natumaini mko salama. Kwenye tanuri mawe yanakwenda kushoto. Mafungu saba, niliyahesabu. Nenda ukaone.

Argyro, mdogo wako

Kijijini, 10 Novemba

Argyro mdogo wangu,

Leo usiniulize hali. Nimechelewa kuandika kwa aibu.

Nilikwenda. Ni kushoto kweli. Nilisimama pale nikimtukana mjinga aliyeyahamisha. Halafu nikaona kila fungu lina jiwe jeupe juu, na anayeweka hivyo ni mimi. Kiangazi kile wageni wa matembezi walikuwa wanawafukuza mbuzi wangu kwenye maji, nikahamisha mawe yawapeleke wageni hao kwenye kisima kikavu. Wiki ileile mama akafa, nikasahau. Sisi kanisani tulikwenda kwa gari, upande wa pili.

Nimeyarudisha yote. Jumapili nilisimama mbele ya kasisi na watu wote nikasema: "Argyro alikuja. Mimi ndiye niliyempoteza." Sijui nikuombe vipi.

Kaka yako

Hania, 20 Novemba

Kaka,

Salamu kwako na kwa goti lako. Nimesoma mara nne. Nimecheka, nimekasirika, nimelia, na bado sijui kipi ni kipi. Miaka tisa nilijiona mtoto asiyempenda mama yake.

Julai ijayo mama anatimiza miaka kumi tangu afariki. Ngano nitachemsha mimi. Ila mawe yako siyafuati tena. Shuka mpaka pwani unichukue, tupande pamoja.

Mdogo wako,
Argyro