Siméon Hakufungwa, Lakini Sijui Kama Yuko Huru

St Marys, Sydney
17 Agosti 2025

Mpendwa yaya wangu Léonie,

Nakusalimu wewe dada yetu mkubwa pamoja na watoto. Hamjambo huko Butembo? Goti la mama linamruhusu sasa kufika kanisani? Sisi tu wazima. Baridi imekaza, ila kazi yangu ya kutunza wazee inaendelea.

Najua unasubiri habari za mdogo wetu Siméon. Nimechelewa kwa sababu mimi mwenyewe sijaelewa vizuri. Nakuandikia hivyo hivyo.

Alipoacha dawa, zile sauti zilimrudia. Asubuhi moja akamsikia marehemu baba akilia ndani ya nyumba ya jirani, akavunja mlango kwa teke. Baba hakuwemo. Alikuwemo Maureen, bibi mzee wa Kizungu, amejifungia chooni. Polisi wakaja, wakamshitaki Siméon.

Mimi nilijua ni jela tu. Lakini wakili alieleza ugonjwa wake, na hakimu akaifuta kesi bila kumtia hatiani, mradi akubali matibabu: achomwe sindano kila mwezi, amwone nesi, akae kwangu. Akikataa kabla mwaka haujaisha, anaweza kuitwa tena mahakamani.

Nililia kwa furaha. Siméon hakufurahi. Njiani akaniuliza, "Wanasema sikuvunja mlango?"

"Wanasema ulikuwa mgonjwa."

"Lakini niliuvunja. Yule bibi nani atamwomba radhi?"

Nikamwambia twende nyumbani kwanza.

Mwezi uliopita akakataa sindano. Alisema inamfanya mzito, hata hayasikii mawazo yake mwenyewe. Nesi wake, Yvette, binti wa Kirundi, alikuwa ameniomba nimwambie jambo kama hilo likitokea. Yaya, nilikaa na simu mkononi nisijue la kufanya. Nikinyamaza, sauti zinarudi. Nikisema, labda nampeleka jela mwenyewe. Mwisho nikapiga. Siméon akanisikia.

"Yaya, wewe ni ndugu yangu au ni polisi?"

Mpaka leo swali hilo linanizunguka kichwani.

Yvette hakuja na polisi. Alikuja peke yake, wakakaa kwenye ngazi za nje wakizungumza mpaka chai yao ikapoa. Akampeleka kwa daktari, dozi ikapunguzwa, naye akakubali kuchomwa. Lakini mimi alininunia wiki nzima.

Jumapili iliyopita akaniomba nimsindikize kwa Maureen. Yvette alikuwa amemuuliza bibi kwanza, naye akakubali. Bibi alifungua mlango kidogo, mnyororo bado umefungwa. Siméon akaomba radhi kwa Kiingereza chake cha polepole. Bibi akasema bado anaogopa kulala. Akamshukuru kwa kuja, akafunga.

Nilidhani Siméon atavunjika moyo. Kumbe alirudi nyumbani ametulia, akaomba ugali, akala nami mezani. Sielewi, yaya. Hakimu alipomwachilia aliinamisha kichwa. Bibi hakumsamehe, naye akakiinua.

Nisalimie shemeji Kalume, mtoto Belyse na majirani wote. Mama akiuliza kama tulishinda kesi, mwambie Siméon anakula vizuri. Hilo ndilo ninalolijua kwa hakika.

Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Mdogo wako akupendaye sana,
Kyakimwa