Simu Iliyoshikwa Asubuhi Timbo Lilipoporomoka

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa katika kituo cha polisi, Kisii mjini, tarehe 13 Mei 1998.

Jina: Zachariah Machogu
Umri: Miaka 64
Kazi: Mwalimu mkuu mstaafu, sasa karani wa mawasiliano katika duka la Bwana Haresh, muuzaji wa vinyago vya mawe ya sabuni
Makao: Magwagwa, Nyamira, siku za kazi hulala Kisii mjini

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema haya kwa hiari yangu, kwa Kiswahili, lugha ninayoielewa.

Nimeulizwa kwa nini simu ya duka haikupokelewa jana asubuhi, wakati timbo la Bwana Haresh, machimbo yake ya mawe kule Tabaka, lilipokuwa likiporomoka. Jibu fupi ni kwamba haikulia. Jibu refu linahitaji subira kidogo ya Sajini, nami nitaanza na waya.

Duka lina laini moja ya simu. Mwezi Machi, Khushi, binti ya Bwana Haresh, alirudi kutoka masomoni na kompyuta, na namna mpya ya kuzungumza na wanunuzi wa ng'ambo kwa njia ya intaneti. Kompyuta hupiga simu ya kawaida mpaka Nairobi na kuishikilia hiyo laini. Sauti ya msemaji hukatwa vipande vidogo vidogo, husafirishwa, kisha huunganishwa tena sikioni mwa anayesikiliza. Vipande vingine hupotea njiani, na vinavyofika hufika vimechelewa kidogo. Hata hivyo gharama ilishuka sana. Khushi alikusudia kugeuza chumba cha nyuma kuwa kituo cha simu, wasichana wanne na hedifoni zao, wapokee maagizo kwa niaba ya wauzaji wote wa vinyago hapa Kisii. Laini za ziada zilikuwa zimeombwa. Kwa wakati huo sauti ya duka ilikuwa mimi, kwa sababu Kiingereza changu ni cha polepole na hueleweka hata vipande vikipotea. Ian, dereva wetu, aliponiona na hedifoni kichwani alinicheka: "Mwalimu, hiyo ni kofia ya rubani. Ukifika Ulaya utusalimie."

Sajini anaandika haraka, lakini hapa naomba aandike polepole. Kompyuta ikiwa kwenye intaneti, mtu akipiga namba ya duka husikia mlio wa laini iliyoshikwa. Simu iliyo mezani petu hailii kabisa. Ukiwa ndani hujui kama kuna aliyekutafuta.

Timbo nalo lina kanuni yake. Bwana Haresh aliiweka mwaka 1994, mimi nikiwepo, alipokuwa akizungumza na Omwenga, msimamizi wa timbo. Omwenga akiona hatari apige simu kutoka duka la Abigael, sokoni Tabaka. Maneno yalikuwa haya: "Ikilia bila kupokelewa, hakuna mtu dukani, amua mwenyewe. Ikiwa imeshikwa, jua mimi nipo. Ngoja neno langu." Siku hizo ilikuwa kanuni nzuri, kwa maana hakuna aliyezungumza zaidi ya dakika tano. Mwezi Machi tuliwaandikia wanunuzi wote wa ng'ambo kuwaeleza utaratibu mpya. Tabaka hatukupeleka habari.

Mnamo tarehe 12 Mei 1998, saa mbili asubuhi, Khushi aliunganisha kompyuta. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mnunuzi wetu wa Uholanzi alitaka kontena nzima kabla ya Julai, na mazungumzo yalikuwa marefu, kwa sababu kila idadi ilibidi irudiwe. Bwana Haresh alisimama nyuma ya kiti changu. Wakati fulani mnunuzi aliuliza kama mvua hizi hazitatuchelewesha. Bwana Haresh akaniambia nimjibu kwamba watu wako timboni wakati huu huu. Nilimjibu hivyo. Ilikuwa kweli.

Mnamo saa nne na dakika ishirini aliingia Bosibori, mke wa Omwenga, ambaye hupika uji wa wachimbaji. Alikuwa na matope mpaka magotini, na hakusalimu. Nimemfahamu miaka mingi na sijapata kumwona akiingia mahali bila kusalimu.

Alisema: "Mwalimu, simu yenu iko na nini? Tangu asubuhi ni tii, tii, tii peke yake. Nimemwacha Abigael akipiga, nikapanda lori la ndizi nije."

Nilimuuliza kuna nini.

"Ukuta wa juu unatoa maji. Umepasuka, mkono unaingia. Nimemwambia Omwenga tokeni, anasema simu imeshikwa, kwa hivyo mzee yuko, tungoje neno lake. Wako chini watatu. Wanachimba wakingoja."

Kisha akaiona kompyuta. "Kumbe mnaongea na sanduku?"

Niliinua simu ya mezani ili nipige Tabaka. Ndani yake kulikuwa na mkwaruzo wa kompyuta tu, nikairudisha. Kwenye spika mnunuzi alikuwa bado anasema, akicheka jambo fulani. Nilimwambia Khushi akate.

Khushi alisema: "Mwalimu, tukikata, Nairobi hatuipati tena mpaka mchana. Mama, ngoja kidogo tu."

Bwana Haresh alisema: "Dakika mbili. Amalize kutaja idadi."

Bosibori alimwambia: "Mzee, neno lako ni moja. Sema watoke."

Bwana Haresh akasema: "Watoke." Alilisema pale pale, akimtazama usoni.

Naomba hilo liandikwe kama lilivyokuwa, kwa sababu mjini wanasema alikataa. Hakukataa. Neno alilitoa, nalo likabaki mle chumbani pamoja nasi, na kwenye waya bado yupo yule Mholanzi.

Aliyechomoa waya ukutani ni Bosibori. Sauti ya mnunuzi ilikatika katikati ya neno. Hakuna aliyemzuia, na nisingependa mtu amshtaki kwa uharibifu.

Nilirudisha waya ukutani, nikainua simu ya mezani, nikapiga namba ya Abigael. Ililia. Jana ilikuwa siku ya soko, na siku ya soko Abigael haondoki dukani. Simu iko karibu na mizani yake, huipokea upesi. Niliiacha ilie. Bosibori aliweka sikio lake karibu na langu, tukawa tunasikiliza pamoja. Baada ya muda alisema kwa Ekegusii, nami natafsiri: "Wote wamekimbilia timboni." Akakaa sakafuni.

Mimi niliendelea kushika simu mpaka Bwana Haresh alipoitoa mkononi mwangu.

Niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe ni hayo. Nimesomewa, yako sawa na nilivyosema, natia sahihi.

(Sahihi) Z. Machogu

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajini Jethro Nyangau, kuanzia saa tatu hadi saa nne na nusu asubuhi, nikamsomea shahidi naye akayakubali. Watu watatu waliofukiwa bado hawajatolewa. Baada ya shahidi kuondoka nimepiga namba ya duka mara tatu ili kumwita Bwana Haresh kituoni. Laini imeshikwa. Nimemtuma konstebo kwa miguu.