Benchi Nililobakia

Mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu
14 Machi 1996

Kwako Dada Ambindwile,

Mugonile, dada. Hali zenu huko Tunduma? Kifua cha shemeji kimepoa? Sisi ni wazima, ila mvua haitupi nafasi hata ya kuanika nepi, nami usingizi nimeusahau tangu Andongwisye aanze kuota meno.

Gauni jeupe ulilomchagulia Ikupa kwenye mitumba limefika, na limemkaa vizuri. Lakini hataki kulivaa. Wiki tatu nilidhani yuko darasa la kipaimara, kumbe anajificha migombani. Baba yake, Hezron, alicheka, akasema huyu anaogopa kukua asije akabebeshwa kikapu cha chai. Mimi sikucheka. Nilimfuata hukohuko, nikamwambia ainuke, msichana wa miaka kumi na mitatu hamkimbii Mungu kama anavyokimbia kuosha vyombo.

Akalia, dada. Alisema anaogopa siku atakapoitwa kwenye Meza ya Bwana, kula mkate na divai pamoja na wakubwa. Tangu mdogo ameniona nabaki kwenye benchi wenzangu wakienda, na kila alipouliza nilimjibu kuwa nimebaki kumshika yeye. Baadaye nikamsingizia mdogo wake Ezron, sasa Andongwisye. Akaniuliza: mama, na huyu naye akikua, utasema umebaki na nani? Akasema kusali anasali, na Yesu anajua anampenda, ila hataki meza itakayomwacha mama yake peke yake.

Nikamfuta kamasi kwa khanga, tukarudi nyumbani.

Dada, nina la kukuungamia. Nilipopata mimba ya Ikupa kabla ya ndoa na kanisa likanitenga, wewe ndiye uliyenisindikiza kwa wazee wa kanisa. Tulipooana nilikuandikia kwamba nimerudishwa kundini. Haikuwa kweli. Hezron alisimama mbele ya kanisa akatubu. Mimi niliona aibu mbele ya watu walionifundisha kuimba, nikajisemea nitasimama mwezi ujao. Ndiyo imekuwa miaka hii yote, na kila mara nilikuwa na mtoto wa kujikingia uso. Umenisifu bure. Nisamehe.

Jana nilikwenda kwa mzee wa kanisa wa mtaa wetu, baba Anosisye. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba nimechelewa sana, na Jumapili hii nitasimama. Ikupa aliposikia akaomba asimame pamoja nami. Nimemkatalia. Nimemwambia hili ni langu, lake linamngoja Jumapili ya Mitende. Akanuna kidogo, halafu leo mchana nimeona daftari lake la kipaimara halipo juu ya kabati. Amekwenda mwenyewe, sikumtuma.

Basi nitakapoitwa mbele, yeye ndiye atakayebaki kwenye benchi, amshike Andongwisye.

Shemeji na watoto wasalimie sana. Niombee, nisije nikageuka njiani.

Mdogo wako akupendaye,
Tusekile