Mhandisi Wetu Kwenye Mashine Yangu

Jumamosi, usiku

Siku nikifa mimi, Kinyala nzima italala njaa, maana mashine ya kusaga ni yangu. Na leo mashine hiyo huenda imemwokoa mpwa wangu Atupele. Baba yake, shemeji yangu, anataka aache chuo. "Uhandisi wa viwanda! Ajira yake iko wapi?"

Nikamwita shemeji aje ajionee. Mkanda wa mashine umechomoka, kina mama wamejazana na madebe yao. Nikatangaza, "Mhandisi wetu anatengeneza sasa hivi!"

"Mjomba, hiyo ni kazi ya fundi," Atu akasema. "Mimi nasomea kupanga kazi isikwame."

Watu wakacheka. Lakini fundi alipoitwa akamaliza, binti akahamishia mizani nje, kando ya mlango. Wanaopima wakaacha kugongana na wanaotoka na unga, foleni ikayeyuka.

"Baba, kiwanda cha chai wanataka hivihivi," akasema. "Bandari pia, hata hospitali."

Shemeji akaikagua mizani, kisha akaenda zake.

Kesho baada ya ibada namfuata shemeji. Atu atamaliza chuo, hata ikibidi nilale mlangoni kwa baba yake.

Ila ule mkanda haukuchomoka wenyewe. Niliuchomoa mimi alfajiri, Atu apate cha kutengeneza. Kuurudisha nikashindwa.