Barafu ya Kambale Imekwisha

Bujumbura, Gasenyi

Dada yangu mpendwa Masika,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, nikitumaini karatasi hii itakukuta una pumzi na nguvu. Mama yukoje? Kile kifua kimemwachia kidogo, au bado anakaa kitako kitandani mpaka kunapambazuka? Na shemeji yetu Kahindo wa Kambale, anaenda shambani, au wale watu wenye silaha wamewafukuza tena kwenye kakao? Huku tunaishi. Joto la ziwa ni lilelile, mafuta ya gari hayapatikani, kwa hiyo asubuhi natoka huku Gasenyi kwa miguu, navuka mji mzima mpaka Kinindo kazini, na jioni narudi vilevile. Miguu haijasahau mlima, kwa hilo namshukuru Mungu.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu na simu zipo. Dada, ujumbe wa sauti ukifika kwenu mnausikiliza wote, na Mama ndiye anayeishika simu sikioni. Haya ya leo sitaki ayasikie kwa sauti yangu kabla wewe hujayasoma. Nimempa barua mama mmoja mchuuzi wa vitenge, Mnande mwenzetu, anayezungukia Tanzania na Uganda mpaka Kasindi. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Nilikwisha kukuambia kwamba nalinda lango mchana kwa Madame mmoja wa Kinindo. Nilichokuwa sijakuambia ni kwamba yeye na mume wake ni wapandaji wa milima. Katika gereji yao hakuna gari. Wamepigilia ukutani mawe ya plastiki, mekundu, ya kijani, ya manjano, na jioni wanapanda na kushuka kama mijusi. Mara ya kwanza nilidhani ni toba waliyopewa na padri wao. Madame alipojua kwamba mimi nilikuwa mpagazi na baadaye gidi wa kuongoza wageni huko kwetu Ruwenzori, alifurahi sana, akawa ananiuliza habari za matope, za vibanda, za baridi. Nikamjibu yote. Habari za ndugu yetu Kambale sikumwambia.

Sasa, Jumamosi iliyopita akanialika. Akasema kuna tamasha la filamu za wapanda milima, zamani lilionyeshwa katika ukumbi mkubwa huko Ulaya, siku hizi wanalituma kwa mtandao na watu wanatazama nyumbani kwao. Marafiki zake wanakuja, wote wapandaji, nami nije kama mgeni, nimlete na Katembo, maana nilikuwa nimemtaja. Unamkumbuka Katembo wetu, yule tuliyekuwa tunabeba naye. Huku ni fundi wa kuchomelea milango ya chuma, mdomo wake ni uleule.

Basi tukaoga, tukavaa mashati ya kanisani, tukaenda. Walifunga mapazia mchana ule, wakatundika shuka jeupe ukutani, jenereta ikawashwa maana umeme ulikuwa umekwenda. Kulikuwa na wazungu na Warundi, na daktari mmoja kijana wa Bukavu aliyekaa karibu yetu akitufasiria. Filamu ya kwanza ilikuwa ya mtu anayepanda jabali bila kamba. Dada, ungewaona wale watu! Mmoja ameng'ata kitambaa, mwingine anajifutia viganja kwenye suruali, Madame mwenyewe ameficha macho na kuchungulia kati ya vidole. Mimi nilimwombea yule mtu kimoyomoyo tangu chini mpaka juu, nikasahau kabisa kwamba alishateremka zamani na kwenda kula.

Katembo hakuomba. Akaniinamia, akaniita kaka kama kawaida yake, akasema, "Yaya, wanasema iko peke yake. Na ule anamupiga picha, iko malaika?"

Daktari akacheka mpaka akamwaga kinywaji. Ya pili ilikuwa ya wanawake wawili kwenye theluji, wanakula supu ndani ya hema na upepo unalitikisa, na hapo Katembo akauliza tena ile sufuria ilipandishwa na kichwa cha nani. Alivyofasiriwa, wote walicheka, na mzungu mmoja akaja kumshika mkono. Nakuambia kweli, nilikuwa na furaha. Ilikuwa muda mrefu sijakaa mahali ambapo mtu anaona kuwa kazi yangu ya zamani ilikuwa kazi.

Halafu ikaja ya tatu. Ikaanza na matope, na mtu anazama mpaka magoti, na zile ndevu za miti zinaning'inia, nikamshika Katembo paja kabla hata jina halijaandikwa. Mlima wetu, Masika. Wapandaji fulani waliupanda upande wa Uganda, wakazunguka juu mpaka wakaangalia upande wetu. Katembo alikuwa amesimama, anawaonyesha watu: hapa tulikuwa tunalala, hapa maji, pale tulikuwa tunaimba ili wageni wasisikie radi. Watu wanamsikiliza yeye, wameacha filamu. Nami machozi yananitoka ya kumshukuru Mungu kwamba ameniletea nyumbani kwetu mpaka kwenye shuka la watu wa Kinindo.

Wakafika juu, penye barafu. Barafu haikuwapo.

Nilidhani wamekosea njia. Nikatafuta lile jiwe lenye mabega mawili ambapo tulikuwa tunafunga kamba. Lipo. Nikatafuta chini yake. Chini yake, pale tulipokuwa tunavaa meno ya chuma kwenye viatu, ni mwamba mtupu, mweusi, umelowana, na vijito vidogo vinapita kama jasho. Katembo alikuwa ameshakaa chini. Akaniuliza polepole, "Ni pale?"

Nikamwambia, "Ndiyo, njo pale."

Wewe hukuwahi kufika huko juu, kwa hiyo nikueleze kama ilivyokuwa, maana mbele ya Mama hatukuwahi kulisema lote. Kambale alikuwa nyuma yetu. Theluji iliyofunika ufa ikakatika chini yake, ukingo ukakata kamba. Tuliita, akaitika. Tukaita tena, akaitika kwa mbali. Kisha tukaita sisi tu. Kamba zetu hazikufika chini, na theluji ilianguka mpaka hatukuuona tena ule ufa. Ndivyo tulivyomwacha ndugu yetu.

Unakumbuka siku wajomba walipoleta mgomba. Kwetu mtu akipotea asionekane, tunazika shina la mgomba mahali pake, ili awe na kaburi na mke wake afunguliwe, aweze kuolewa tena. Shimo lilikuwa limechimbwa. Mama akalilalia lile shina akasema, "Mwanangu iko mu barafu, na barafu haiozeshi kitu. Itanirudishia yeye muzima wa sura. Mi siziki mugomba." Shimo likafukiwa tupu. Hata mchungaji alikubali, na mimi nilikubali, kwa sababu kila mtu aliyepanda alijua kwamba ni kweli: barafu inatunza. Tangu hapo kila kiangazi Mama alikuwa anatupa shati la Kambale lililopigwa pasi, tupande nalo, ili barafu ikimtoa tumvishe. Tulilipandisha na kulirudisha mpaka mlima ulipofungwa kwa sababu ya wale wenye silaha. Na hata sasa kila mtu akinipigia simu, Mama anasema kwa nyuma, mwulizeni Paluku kama mlima umefunguliwa.

Nikamwomba Madame asimamishe na arudishe nyuma. Akarudisha. Picha ilikuwa inapita polepole juu ya mahali penyewe, ufa umekuwa bonde la mawe, unaona mpaka chini. Nikaenda kwenye shuka. Kivuli changu kikafunika, nikasogea pembeni, nikaangalia jiwe kwa jiwe. Kiatu, mkanda, kipande cha lile koti la buluu, chochote. Hamna, Masika. Akarudisha tena, na tena. Hakuna kitu pale.

Wale watu walidhani nalilia barafu. Mmoja akazungumza Kifaransa kwa upole sana, daktari akanifasiria kwamba wangependa niseme neno, mimi mtoto wa mlima, najisikiaje kuona joto la dunia limeumaliza. Wote wamenigeukia, na macho yao yamejaa huruma. Nikasema, "Ndugu yangu alikuwa pale ndani." Daktari alinishika bega, kisha akafasiri. Madame akafungua mapazia, jua likaingia, na mlima ukafutika ukutani.

Daktari alitusindikiza mpaka langoni. Nadhani alitaka kunifariji. Akasema labda haikuwa juzi, labda barafu iliyeyuka polepole miaka yote hii, na maji yalimchukua kidogo kidogo bila mtu kuona. Nikamshukuru. Nilipofika barabarani ndipo neno lake likaniingia. Maji ya barafu ile yanateremka wapi, dada? Yanateremka kwetu. Ndio mto tunaochota, ndimo Mama anamooshea viazi. Tangu siku ile nikishika kikombe cha maji mkono unasita. Napiga magoti na sipati la kusema. Nilizoea kumwomba Mungu amtunze Kambale mpaka tumfikie. Sasa nikifika hapo kwenye maombi nasimama, kwa sababu sijui namwomba amtunze wapi. Bado naenda kanisani, usiogope. Lakini nakaa nyuma na siimbi.

Njia nzima Katembo hakutania. Tulipokaribia Gasenyi akasema, "Yaya, muzike. Apana ngojea tena." Akaingia kwake bila kuaga.

Basi ndilo ninalokuomba. Mwite mjomba, mkate mgomba, mzikeni Kambale. Najua kwetu udongo wa kwanza ni wa mkubwa wa marehemu, na mkubwa ni mimi. Siwezi kuja. Kule mashariki ya Kongo njia zimeziba, na mama mchuuzi anapita kwa sababu ni mama na ana vitenge. Mwanaume wa umri wangu anashushwa garini. Utupe wewe, kwa mkono wako, useme ni wa Paluku. Wajomba wakikataa kwa sababu we ni mwanamke, wasomee mahali hapa.

Lakini Mama, sijui. Nimeandika mistari kuhusu Mama nikaikata. Akiambiwa barafu imekwisha, nani atamshika? Asipoambiwa, atalilalia tena shina, na Kahindo atazeeka mke wa mtu asiyekuwapo. Mi naona aambiwe, na aambiwe na wewe, siyo na simu. Ila ya mto usimwambie kamwe. Hayo yabaki kwangu na kwako. Kama moyo wako unaona Mama hataweza kulibeba, basi tungoje mpaka Bwana amwite, tuwazike pamoja, yeye na mgomba wa mwanawe. Sitakulaumu. Wewe ndiye unayelala naye chumba kimoja, unasikia anavyopumua.

Nisalimie mjomba wetu mkubwa, mwambie sijamsahau. Nisalimie shemeji Kahindo, lakini usimpe barua hii kabla hujaamua. Wasalimie watoto wako, na mchungaji wetu, aniombee maana mimi kwa sasa siwezi vizuri. Mama mwambie tu Paluku ni mzima, anakula, anafanya kazi.

Akiuliza kama mlima umefunguliwa, sijui utamjibu nini.

Ni mimi kaka yako,
Paluku

Yule mama mchuuzi atakaa Kasindi siku chache kabla ya kugeuka. Mpe jibu lako mkononi, lisipite kwenye simu. Nakuomba unijibu upesi.