Ulikwenda Muheza kwa Arobaini Tu

Mke wangu Mama Zaina,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na nataka ulijue hilo tangu mwanzo, usije ukadhani nimeshika kalamu kwa sababu nimekukumbuka. Nimekukumbuka, ndiyo, lakini hayo ni mengine. Leo nimekasirika.

Na barua hii naiweka kwenye kundi la familia, waisome wote, kwa sababu wewe ndiye uliyeanza. Mambo ya mtu na mkewe huzungumzwa chumbani, na ikiwa mmoja yuko Muheza na mwenzake yuko Lushoto, basi hupigiana simu. Wewe hukuona hivyo. Ukangoja Ijumaa, watu wametoka msikitini na simu zao mkononi, ukatuma ujumbe wa sauti kutangaza kwamba arobaini ya mjukuu imekwisha, mtoto mzima, Zaina mzima, na wewe hurudi. Halafu ukaongeza: "Mwambieni Baba Zaina aje yeye huku. Joto ni siku za mwanzo tu. Atazoea."

Mwambieni! Mimi nimo humo humo kundini, Mama Zaina. Ulikuwa unamtuma nani aje kuniambia?

Dada yangu Mwanahawa wa Bungu ndiye aliyewahi kujibu, akaweka vile vikatuni vinavyocheka mpaka machozi, safu nzima. Akafuata mkwe wetu, mume wa Zaina, na adabu zake zote, akaandika kwamba baba karibu sana, chumba kipo. Nikaizima simu nikaenda kukata majani ya ng'ombe. Niliyakata mengi kuliko anavyoweza kula.

Sasa ngoja nikueleze hali ya nyumba uliyoiacha. Siku ile unaondoka na kikapu chako cha viazi na karoti za mzazi, uliniachia maagizo ya kuku, maagizo ya Bahati ng'ombe wako, na onyo kuhusu sukari, ambayo mpaka sasa sijui umeificha wapi. Hukuniachia agizo lolote la moto. Miaka yote hii nimeamka asubuhi nikakuta moto jikoni, nami nikaamini kwamba moto unakaa wenyewe, kama mlima. Kumbe kila unapokwenda kulala ulikuwa unaufukia kwenye majivu, na alfajiri unaufukua na kuupuliza. Mimi niliuacha wazi ukafa. Kiberiti kilikuwa kimenyonya ukungu, kuni za miwati mbichi zinatoa maji badala ya kuwaka, na mimi nimepiga magoti pale natoa machozi kama nimefiwa.

Nikaenda kwa jirani yetu Mama Hoza kuomba kijinga cha moto. Mwanaume mzima, mwenye wajukuu, napita njiani na kijinga kinafuka, kila ninayekutana naye ananisalimia kwa heshima huku anaangalia pembeni. Mama Hoza alinipa bila neno. Alingoja nigeuze mgongo, ndipo akaanza, na kicheko chake kilinisindikiza mpaka mlangoni kwetu.

Bahati naye ni mwenzako. Nilipomsogelea na ndoo akanitazama juu mpaka chini, akabana maziwa yote. Nikamwimbia, akapiga teke ndoo. Nikampa pumba, akala, akapiga teke ndoo. Siku ya tatu nikaona liwalo na liwe, nikachukua kanga yako ile ya zambarau nikajifunga, na nyingine nikajitanda kichwani. Maziwa yakashuka, Mama Zaina. Yakashuka kama mvua ya masika. Nikawa nimekaa pale kwenye kigoda nimetulia, nakamua, nimeanza kuuona ushindi, nikasikia mtu mlangoni mwa banda. Ni Mama Hoza, amekuja kurudisha ungo. Akasimama, akanitazama, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mama Zaina," akasema.

Sikumjibu. Ningeitika ningekuwa nimekubali. Tangu siku hiyo watoto wake wakinipita njiani wanabana midomo, na najua wanachobania.

Lakini hayo yote ningeyameza. Lililonikaa kooni ni lile neno lako, atazoea. Neno hilo ni langu na unajua ulikolitoa. Ulipokuja bibi harusi ilikuwa mwezi wa saba, ukashuka stendi na kandambili miguuni na kanga mbili mwilini, ukungu umeshuka mpaka milangoni mwa maduka. Ukatazama juu, ukaniuliza kwa sauti ndogo ya bibi harusi, "Hivi jua la huku hutoka siku gani?" Nikakuvika koti langu, nikakwambia utazoea. Ulilala na lile koti mwezi mzima. Marehemu mama yangu akadhani ni mila za Kibondei, akawaambia majirani wasikucheke, kila kabila na lake.

Na ulizoea! Huo ndio ukweli na sitaurudisha nyuma. Ukajifunza Kisambaa mpaka ukawa unapatana bei sokoni kwa maneno ambayo mimi mwenyewe nayasikia kwa wazee tu. Ukalima kabichi kwenye matuta yetu, ukawa unaninyang'anya jembe ukisema natifua kama mgeni. Hukuacha utani wako, hilo najua. Wageni wakija lazima uwaambie kwamba kwenu Muheza mtu anaoga asubuhi na jioni, lakini huku Lushoto watu wanaoga kwa kikao, na akidi isipotimia wanaahirisha. Mgeni anacheka, mimi nanuna, wewe unanimiminia chai. Nikajua mambo ya Muheza yamekwisha, yamebaki ya kuchekea. Sasa nasikia kwenye simu kwamba hayajakwisha.

Tuje kwenye hicho chumba. Mkwe wangu, kama unasoma, hapa ruka, nazungumza na mama yako.

Umekula nini huko, Mama Zaina, hata ukasahau ukweni ni nini? Mwanaume hahamii kwa mkwewe. Akienda hukaa kiti cha karibu na mlango, anakunywa chai, anasifia nyumba, anaaga kabla jua halijaanza kuzama. Unataka niamke asubuhi nikutane na mume wa binti yangu ukumbini, mimi nimeshika ndoo ya kuogea, yeye amejifunga taulo? Tutasalimiana tukitazama wapi? Na mimi na wewe tukitaka kugombana tutagombania wapi, kwa kunong'ona? Maisha yangu yote sijawahi kugombana kwa kunong'ona.

Ukisema basi twende kwa kaka zako, huko nako ni ukweni, tena ukweni mkongwe. Muheza yote kwangu ni ukweni, kuanzia stendi mpaka sokoni. Kwenye joto lile linaloozesha machungwa nitatembea na shati la mikono mirefu, vifungo mpaka shingoni, nile matonge matatu niseme nimeshiba, alhamdulillahi, huku tumbo linanitukana. Mtu wa hasira kama mimi anahitaji kwake.

Maneno haya yote niliyapanga kichwani, nikawa tayari kukupigia simu nikugombeze. Ila kabla sijapiga nikaona niufungue tena ule ujumbe wako, niyapate maneno yako sawasawa, maana nakujua, nikikosea neno moja tu utaling'ang'ania hilo. Ile Ijumaa nilikuwa nimeukata kwenye "atazoea". Safari hii niliuacha uende.

Baada ya hilo neno umecheka. Zaina naye anasikika nyuma yako anacheka. Umecheka ukapanda juu kabisa, ukashuka, ukapanda tena, kisha ukavuta pumzi ndefu, ukasema haya jioni njema jamani, na ujumbe ukaisha.

Hukukohoa.

Nikaurudia. Nikafikiri labda simu imekata kikohozi. Nikaurudia mpaka chaji ikaanza kulalamika, nimekaa pale kwenye benchi la jikoni, chai imepoa. Mama Zaina, hapa nyumbani hujapata kumaliza kicheko tangu Zaina anasoma shule ya msingi. Unaanza vizuri, unafika katikati, kifua kinakukamata, unainama, unashika ukuta kwa mkono mmoja na mwingine unatupungia tusikusogelee. Tunangoja. Ukimaliza unafuta macho, na mimi naendelea na hadithi pale nilipoishia, kana kwamba ndivyo watu wote wanavyocheka.

Hapo ndipo nilipokasirika kwelikweli. Yale ya mwanzo yalikuwa kelele tu.

Nilipokuwa nikikuuliza, ulinijibu nini? Ulisema ni moshi. Kila mwaka, miezi ya baridi ikifika, moshi. Nikakuamini. Nikapasua kuni nikazianika mpaka zikawa nyepesi kama mabua. Nikatoboa dirisha la pili jikoni, nikaezua bati moja nikaliinua moshi upite, mvua ikaingia, tukagombana kwa ajili ya mvua. Nilikuwa napigana na moshi, Mama Zaina, kwa akili zangu zote, na wewe unaniangalia tu napigana na kitu ambacho sicho. Ungeniambia ni baridi. Ungeniambia hewa hii ninayoisifia kila siku mbele za wageni ndiyo inayokukaba.

Nikampigia Zaina, nikamwambia asikupe simu, anijibu yeye. Nikamwuliza kuhusu kifua chako.

"Mama alijua siku nyingi, baba," akasema. "Alisema ukiambiwa utaona kama anaukataa mlima wako."

Mlima wangu! Kwani mimi nimeoa mlima?

Nilikata simu nikatoka nje. Ilikuwa moja ya zile asubuhi zetu, ukungu umejaza bonde lote la chini, migomba ya Mama Hoza inaonekana vichwa tu. Zamani ningekuita utoke uangalie. Ungetoka, umejitanda, ungesimama na mimi pale useme kweli, ni pazuri. Umesimama na mimi pale asubuhi ngapi, kifua kinakubana, unaniambia ni pazuri? Nilipofikiria hilo nilishindwa kuutazama ule ukungu. Nikautukana, kwa Kisambaa, kwa sauti. Mama Hoza akachungulia, akaona ni mimi, akarudi ndani.

Sijakusamehe bado, na usinipigie simu kunibembeleza. Kunificha njaa, ungenificha. Kunificha sukari, umenificha na nimevumilia. Kunificha pumzi yako mwenyewe, kwenye nyumba niliyoijenga mimi, ukakohoa miaka yote ili nisijisikie vibaya, hilo ni kosa na utalisikia kila siku nitakayokuwa hai.

Basi sikiliza utaratibu. Bahati nimempeleka kwa Mama Hoza, naye ameingia banda geni bila kugeuka kunitazama, mnyama asiye na shukrani. Kuku wamemfuata. Matuta atayalima mdogo wangu, nimeshamwonyesha wapi utaratibu wako na wapi wangu, akasema wako ni bora, nikamwambia anyamaze. Nyumba nitaifunga. Miezi ya jua tutapanda pamoja tukaikague, na baridi ikirudi tutateremka.

Kwa mkwe sikai. Zaina nimeshamwagiza atafute nyumba ya kupanga, vyumba viwili vinatosha, iwe mbali na kwao kiasi kwamba mtu akipaza sauti haifiki. Mpaka ipatikane nitalala chumba cha wageni kama mgeni, na mkwe wangu, ambaye najua hukuruka, nakuomba asubuhi utangulie wewe kuoga, mimi nitajifanya bado nimelala.

Jumamosi nateremka. Asije mtu kunipokea stendi, hasa kaka zako, sitaki kuanza kutoa jasho mbele za watu. Chai usinipikie, nipe maji.

Na usidhani nimekubali kuzoea. Nitalilalamikia joto, nitawalalamikia mbu, nitakuuliza kila jioni kama huko kwenu upepo huwa unavuma siku gani. Nitaomba kiti kikae nje, penye kivuli, mahali ambapo nakusikia ukiwa ndani na wanao. Mimi nitakuwa hapo nimenuna. Wewe cheka, Mama Zaina. Cheka mpaka mwisho.

Ni mimi mumeo, ambaye hasira hazijamwisha,
Baba Zaina