Baba Aliponishikia Sauti

Mtaa wa Plantelor,
Bukaresti.
9 Novemba 1958

Mpendwa mdogo wangu Smaranda,

Hujambo huko Lyon? Shemeji naye hajambo? Kile kikohozi kilichokushika tangu majira ya joto kimekuachia? Sisi wazima, ila miguu ya Veturia inavimba kwa foleni ya mafuta ya taa. Mke wangu husema miguu ni yake lakini foleni ni ya serikali.

Barua hii haikupita posta. Imeletwa na mpiga zumari wa okestra yetu. Mpe kahawa na usimuulize mengi. Ukiisha kuisoma, ichome.

Smaranda, nimejinasa mwenyewe. Mwaka jana niliagizwa kutunga wimbo wa kwaya wa kusifu mavuno ya ushirika. Nikaitumbulia macho karatasi tupu mpaka nikachoka. Kilichonijia mwishowe ni ule wimbo wa baba, Mungu Mtakatifu, anaouimba akitangulia mbele ya jeneza kwenda makaburini. Nikautoa maneno, nikatia ngano na matrekta, nikasema niliuokota kwa wakulima wa kwetu. Kwa serikali hii isiyotaka habari za Mungu, angejua mtu kwamba ni wimbo wa kanisa, kazi ingekwenda, nyumba ingekwenda, na mimi sijui ningelala wapi.

Hakuna aliyejua. Uliwapendeza mno! Redio inaupiga kila asubuhi. Mama Paraschiva wa ghorofa ya chini, ukianza tu, huacha kumenya viazi akafanya ishara ya msalaba, wala hajui kwa nini. Mimi hukimbilia kufunga dirisha.

Kisha Ndugu Grozav, mkubwa wetu pale redioni, akataka mkulima aliyenifundisha aletwe studio aimbe mbele ya wageni. Nikasema anaumwa. Akasema atapeleka gari na daktari.

“Au unawaonea haya watu wa kwenu, Leontin?” akacheka.

Ikabidi nimtaje baba kuwa ndiye mkulima huyo. Habari za uimbaji wake kanisani nikazimeza.

Baba akashuka kwenye treni na kofia yake ya manyoya, na jibini limefungwa kwa gome la msonobari. Nilimweleza yote jikoni, bomba limefunguliwa ili jirani asisikie. Nikamsihi aimbe maneno yangu. Unamjua.

“Maneno yale nimewaimbia wafu tangu ujana wangu,” akasema, “na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Leo niyabadilishe kwa ajili ya trekta?”

Akamaliza ugali wake, akaomba blanketi.

Studio ilijaa. Nilijua akifungua kinywa tu, nimekwisha. Grozav akamkumbatia: “Haya mzee wangu, tupe mavuno!” Baba akavua kofia, akanitazama.

“Aimbe huyu, mwenye koo changa. Mimi nitamshikia sauti.”

Akafumba macho, akaanza kuvuma ile sauti moja ya chini, isiyo na neno, kama wazee wanavyomshikia yeye kanisani. Haikupanda, haikushuka. Zamu ikawa yangu. Nikaimba ngano, Smaranda. Nikaimba matrekta juu ya pumzi ya baba, naye hakuniacha hata mstari mmoja. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Walisimama kupiga makofi. Sasa Grozav anataka nyimbo nyingine za namna ile, kutoka kwa mkulima yule yule. Kukataa siwezi, kukiri siwezi. Nimekuwa panya mtegoni, na jibini naendelea kuletewa.

Pale stesheni nilitamani baba anikaripie, angalau nipumue. Akanitengeneza kola ya koti tu. Treni ilipotaka kuondoka ndipo akachungulia dirishani: “Mwandikie Smaranda. Siku yangu ikifika, aimbe yeye. Wewe usije ukanipeleka kaburini kwa trekta.”

Nilicheka. Jana, peke yangu bafuni, nikajaribu kuuimba ule wimbo kwa maneno yake ya kanisani. Maneno ambayo hata mtoto anayajua! Nilipofika mstari wa pili, mdomo ukaenda wenyewe kwenye ngano. Na wewe kurudi huku kumzika hawatakuruhusu, najua.

Veturia anakusalimu sana. Shangazi Anica anauliza kama ile shali aliyokufumia inakutosha. Msalimie shemeji, na umbusu Ioana wenu. Mfundishe ule wimbo, ulivyo.

Mungu Mtakatifu akulinde. Kwa kalamu maneno hayo bado nayaweza.

Kaka yako akuwazaye daima,
Leontin